Mto Athi Haujai Mwezi wa Nane

Kwa Vonza, Kitui
Tarehe 3 Juni 1951

Mpwa wangu Mumbua,

Salamu nyingi sana. Kwanza ujue kwamba soko la Kwa Vonza siku hizi halianzi mpaka mimi nifike. Si maneno yangu, ni watu wasemavyo. Juzi nilichelewa kidogo kwa sababu ya jino, nikakuta wauza mbuzi wamekaa kimya, kamba mikononi, hakuna aliyethubutu kutaja bei. Nilipotokea na baiskeli yangu, wote wakasimama pamoja kama wanakwaya.

Nakuandikia Kiswahili wala si Kikamba, ili kila mkono utakaopitisha barua hii ujue inatoka kwa mtu aliyefika Abisinia.

Nimefurahi kusikia kwamba umepewa shamba huko Makueni, wewe mjane na watoto wawili, uliyetoka Kikima na kitanda na sufuria. Umesema Bwana Shamba anataka mitaro yote ya kuzuia mvua isichukue udongo iwe imechimbwa ifikapo tarehe mosi Oktoba, la sivyo shamba apewe mwingine. Tena umesema mpimaji wake ana mashamba mengi na kwako hajafika, kwa hiyo unauliza vigingi vya kuonyesha njia ya mtaro viwekwe vipi. Umeuliza mtu anayefaa. Kule Abisinia nilichimba handaki moja peke yangu, yakaingia malori matatu na bado jenerali akapata mahali pa kunywea chai. Handaki la vita na mtaro wa shamba ni ndugu wa tumbo moja. Usihangaike na vipimo. Simama upande wa juu wa shamba, funga jicho la kushoto, nyosha mkono, na pale kidole kinapoelekea ndipo vigingi vipite. Jicho la ukoo wetu halikosei.

Mwezi uliopita nilikuwa Mutomo kwa dada yako Ndila, yule mwana wa dada yangu mkubwa, kumwoza binti yake Mbinya. Wewe ulimwona Mbinya mara ya mwisho akiwa mgongoni. Kazi yote ya maneno niliifanya mimi, tangu asubuhi mpaka mbuzi wakarudi zizini. Bwana harusi hakufungua mdomo. Jina lake limenitoka, lakini nilimpenda, anasikiliza vizuri. Ndila alinipa neno nikufikishie, akasema ni neno la maana sana.

Baiskeli haijambo. Abdulatif mwenye duka, ambaye hupokea barua zetu, anashangaa kwamba tairi zake hazijachakaa tangu mwaka wa arobaini na tano. Nikamwambia, ni ufundi.

Sasa karatasi inakwisha na nataka nafasi ya sahihi. Lile neno la Ndila nitakuambia siku nyingine.

Mimi mjomba wako,
Mutunga wa Ndeti
Askari Mstaafu, Mwenye Baiskeli


Makueni
1 Julai 1951

Kwa Mjomba Mutunga,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Watoto wameanza kuzoea joto la huku. Vigingi nimeviweka kwa kidole, kama ulivyosema, na mtaro wa kwanza tumeuanza.

Hapa tunachimba kwa mwethya. Leo kwangu, kesho kwako, wanawake kumi na wanne na majembe yao, na wanaume wachache ambao wake zao bado hawajafika. Mwenye shamba hupika uji. Watu ni wema, ingawa Mbula wa upande wa chini huja jua likiwa limeshapanda, jembe begani, kama mgeni wa heshima. Mvivu tu.

Lakini nina taabu na mmoja. Anaitwa Nzioka, shamba lake liko juu ya langu. Tangu nije huku hajanisalimu. Nikikutana naye njiani anaingia kichakani. Simzulii, mjomba, anaingia kabisa, kwenye miiba, na kusubiri nipite. Siku moja nikamwita, "Jirani! Mbona wanikimbia, nina pembe?" Akavuta kofia usoni akazidi kuingia, mwiba ukamrarua shati mpaka begani. Aliona afadhali kuraruka kuliko kunijibu.

Ilipofika zamu yangu ya mwethya alikuja, hilo siwezi kulikana. Akachimba pembe ya mwisho kabisa, mgongo kwangu. Uji ulipoiva akaondoka. Hata kidole hakuchovya. Unajua kwetu mtu akikataa chakula chako mbele za watu amesema nini. Mbula akaninong'oneza, "Mumbua, yule anatuambia una sumu." Nikamjibu, "Basi na afe njaa." 

Hatujuani huku. Kule Kikima ningeuliza kizee chochote, huyu ni nani, mama yake nani, naye angenieleza mpaka babu yake. Hapa kila mtu ametoka kwake, Mbooni, Kilungu, Kitui, na kila mtu ni mgeni wa mwenzake.

Umesema Ndila alikupa neno. Niandikie. Na unishauri juu ya Nzioka. Shamba hili, mjomba, silipotezi. Marehemu mume wangu alilima mawe maisha yake yote.

Mwanao,
Mumbua


Kwa Vonza
15 Julai 1951

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti dukani kwa Abdulatif, na wote waliokuwepo wakakubaliana nami kabla sijasema lolote.

Sikiliza. Mimi humjua mtu kwa kumtazama visigino. Abisinia nilimkamata jasusi kwa jinsi alivyomenya ndizi, akapelekwa kwa jenerali, na jenerali akaniuliza, "Mutunga, umejuaje?" Nikamwambia, "Afande, mtu ni matendo yake." Hakulala usiku ule, alikuwa akiliandika neno hilo.

Sasa tumtazame huyu Nzioka. Asiyesalimu ana kiburi. Anayejificha ana hatia. Anayekataa uji ana uchawi, maana mchawi humdhania kila mtu kuwa mchawi. Huyu ana vyote vitatu. Amezaliwa hivyo na atazikwa hivyo. Anataka shamba lako liungane na lake, hakuna habari nyingine. Na huyo Mbula, uvivu nao ni ugonjwa wa kuzaliwa.

Kwa hiyo nakuja mwenyewe kumtazama huyo bwana visigino vyake. Jumamosi tarehe 4 Agosti. Kwa baiskeli yangu ni safari ya siku moja tu. Nikitoka hapa jogoo la kwanza, saa kumi ya jioni nitakuwa kwako nakunywa maji. Waambie watu wa Makueni waondoe mbuzi njiani, sitaki kesi.

Mjomba wako,
Mutunga wa Ndeti
Askari Mstaafu, Mwenye Baiskeli

Neno la Ndila nitakuambia kwa mdomo. Litakuwa tamu zaidi.


Makueni
6 Agosti 1951

Mjomba,

Hukuja. Watoto walikaa kando ya njia tangu saa nane. Kila vumbi lilipoinuka walisema, "Ndiyo ile, baiskeli." Nilichinja kuku. Tumemla wenyewe Jumapili, naye hakuwa na ladha.

Na Jumapili hiyohiyo, tulipokuwa kanisani, vigingi vyangu vimeng'olewa. Vigingi vya mitaro minne, vyote. Vimechomekwa mahali pengine, vimepinda kama nyoka anayetafuta kivuli. Mbula alibaki nyumbani kwa mama mkwe wake, akaona kwa macho yake. Ni Nzioka. Alikuwa ameinama, ana kamba na chupa mkononi. Mbula alipopiga kelele, "Wewe! Unafanya nini kwa mjane?" yeye akakusanya vitu vyake akaenda zake. Chupa! Mbula anasema ni dawa. Sasa nusu ya wanawake hawataki kukanyaga shambani kwangu, na bila mwethya mimi na jembe moja tutafika wapi kabla ya Oktoba?

Nimekwenda kwa Mzee Mutie, mkuu wa wazee wa hapa. Amesema kesi itasikizwa Jumamosi tarehe mosi Septemba, na mtu anayeharibu mitaro ya mwenzake hukaa siku tatu tu Makueni, kisha anaonyeshwa njia. Nitasimama niseme. Sijawahi kusema mbele ya wanaume wengi hivyo, lakini nitasema.

Ulikwama wapi?

Mumbua


Kwa Vonza
14 Agosti 1951

Mpwa wangu,

Pole sana kwa vigingi. Habari yangu ni hii. Nilitoka siku ile jogoo la kwanza, kama nilivyoahidi. Nikafika mto Athi. Mumbua, mto ulikuwa umejaa. Maji yale sijayaona tangu nizaliwe. Yalikuwa yamebeba mti mzima, juu ya mti kuna mamba, juu ya mamba kuna korongo amesimama kwa mguu mmoja, na wote watatu wananitazama. Nilingoja mpaka adhuhuri. Mtu muungwana akizuiwa na mto, wa kulaumiwa ni mto. Hata jenerali alingoja mito.

Sasa juu ya huyu bwana. Nilikuambia. Mtu hang'oi kigingi kwa bahati mbaya. Ameng'oa kwa sababu ni mng'oaji. Mshtaki! Simama wima, usilie, taja chupa mapema. Mtu aliyekataa uji na kuruka miiba hana la kujitetea, utaona hata kesi ikianza atanyamaza, na kunyamaza ni kukiri.

Ningekuja siku ya kesi lakini soko haliwezi kuachwa Jumamosi.

Mjomba wako,
Mutunga wa Ndeti
Askari Mstaafu, Mwenye Baiskeli


Makueni
20 Agosti 1951

Kwa Mzee Mutunga, Kwa Vonza,

Shikamoo mzee. Mimi ni Nzioka niliyemwoa Mbinya wa Ndila, huko Mutomo. Siku ya maneno ulikuwepo. Mimi ndiye niliyekaa karibu na mlango. Naandika Kiswahili kwa sababu nilifundishwa na kazi ya reli kule Voi, na nasikia wewe unakipenda.

Mama Mumbua ni mdogo wake mama Ndila. Mke wangu humwita mama, kwa hiyo kwangu ni mama mkwe. Nthoni unaijua mzee, ile heshima ya mkwe. Simtazami, sisemi naye, sili mbele yake, nikimwona njiani natoka njiani. Siwezi kumwandikia pia, barua ni sawa na kumkazia macho. Ndiyo sababu nakuandikia wewe.

Mama Ndila alikupa neno umpelekee, kwamba mkwe wake ni jirani yake. Kwa hiyo nilijua kwamba anajua. Aliponiita njiani kwa sauti na kuniuliza habari za pembe, niliumia sana. Nilisema, mama huyu anajua mimi ni nani na anataka kunivunjia heshima makusudi. Nilimwona mtu mwenye dharau. Wiki hii nimesikia nimeshtakiwa, ndipo nikaanza kufikiri kwamba labda hajui.

Vigingi nimevihamisha mimi. Vilikuwa vinateremka. Mvua ya kwanza ingefuata mtaro na kuingia nyumbani kwake kwa mlango, na kutoka na watoto. Sijui ni mjinga gani aliyemfundisha. Nilingoja aende kanisani, nikapima kwa kamba na chupa yenye maji nusu. Maji yakilala sawa ndani ya chupa, na mtaro umelala sawa. Sasa vinakwenda vizuri. Mtaro uliopinda ndio unaofuata mlima.

Jumamosi tarehe mosi nitasimama mbele ya wazee. Siwezi kujitetea mama mkwe akiwa mbele yangu. Nitanyamaza, na nikinyamaza nitaondolewa. Mke wangu alikuwa aje mwezi wa kumi.

Nakuomba umfikishie neno lake.

Mkweo,
Nzioka


Kwa Vonza
27 Agosti 1951

Mumbua,

Soma barua iliyo ndani ya hii. Naituma kwa dereva wa lori la Othman, nimemwambia akupe mkononi, asimpe mtu mwingine hata akiwa chifu.

Neno la Ndila lilikuwa hilo. Karatasi ilikwisha.

Mjinga anayetajwa humo simjui.

Mutunga


Makueni
2 Septemba 1951

Mjomba,

Dereva alinikuta jana asubuhi nimeshajifunga kitambaa kichwani, natoka kwenda kwa wazee. Nilisoma nimesimama. Nikasoma tena. Halafu nikakaa chini kwenye vumbi na nguo yangu nzuri.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa. Nzioka amesimama katikati, ametupa mgongo. Mzee Mutie akamwambia, "Nzioka, geuka umtazame anayekushtaki." Hakugeuka. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Mmeona? Hata aibu hana." Mjomba, aibu ndiyo iliyokuwa imemgeuza! Nami peke yangu ndiye niliyejua, tena kwa saa moja tu.

Nikasema, "Wazee, naifuta kesi. Mtu huyu ni mkwe wangu, na mimi sikujua." Wanawake wakashika midomo. Wote wakaelewa mara moja, kichaka, kofia, uji, yote. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee Mutie akacheka mpaka akatafuta kiti. Nikasema pia kwamba vigingi viko mahali pake sasa, na mwenye kosa ni mimi niliyeviweka vya kwanza. Jina la mwalimu wangu sikulitaja.

Usiku sikulala vizuri, nikawa nahesabu. Si Nzioka peke yake. Mbula nimemwita mvivu miezi mitatu. Leo baada ya kanisa nilimwuliza, mara ya kwanza kabisa, kwa nini anachelewa. Mama mkwe wake hainuki kitandani. Lazima amwoshe, amlishe, amgeuze, ndipo achukue jembe. Akaniambia, "Nilidhani wote mnajua." Na mimi, juma lile mtoto wangu alipokuwa na homa, nilichelewa siku nne. Sikujiita mvivu hata siku moja. Nilisema, ni homa.

Mwingine akikosa, tunasema ndivyo alivyo. Sisi tukikosa, tunasema ndivyo ilivyokuwa. Nzioka asipokuja kwenye uji wangu ni mchawi. Wewe usipokuja kwa kuku wangu, ni mto.

Na huo mto, mjomba. Mto Athi haujai mwezi wa nane. Hakuna tone lililonyesha tangu Mei. Watoto wa huku wanavuka wakiruka mawe, na korongo wako anawatazama. Sisemi wewe ni mwongo. Nimeapa kutosema tena mtu ni nini kabla sijauliza. Nasema tu kwamba haukujaa.

Sasa sikiliza, maana hili ni kubwa. Zimebaki siku ishirini na nane. Mtaro wa kwanza umerudiwa, mitatu haijaguswa, na udongo umekauka kama tofali. Majembe peke yake hayafiki. Nzioka ana plau na ng'ombe wawili wa kuvunja udongo ule, na ndiye anayejua kupima, lakini hawezi kukanyaga shambani kwangu nikiwepo mpaka nthoni ifunguliwe. Atoe blanketi, na mwanamume mzima wa ukoo wetu asimame katikati alipokee na kunipa. Katika ukoo wetu aliyebaki ni wewe. Nimemwuliza Mzee Mutie kama yeye anaweza. Amesema hapana, damu ni damu.

Tumepanga Alhamisi tarehe 20 Septemba, saa tatu asubuhi. Usipokuja, shamba limekwenda. Usiniandikie habari za mto, wala soko, wala jino. Njoo.

Mumbua


Kwa Vonza
10 Septemba 1951

Nakuja.

Mutunga


Makueni
3 Oktoba 1951

Mjomba mpendwa,

Bwana Shamba alikuja juzi na mpimaji wake. Mpimaji akaweka kipimo chake kwenye mtaro wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akamwuliza Nzioka, "Mmepima na nini?" Nzioka akamwonyesha ile chupa. Mpimaji akaitazama sana, akaomba aishike. Jina langu limeandikwa. Shamba ni langu, mjomba. Nimeokota donge la udongo, nimeliweka dirishani. Watoto wanaliita mgeni.

Tulimaliza siku moja kabla. Siku tisa ng'ombe wa Nzioka walikuwa wakipasua, sisi nyuma yao tunatupa udongo upande wa juu, Mbula akiimbisha. Mama mkwe wake tulimbeba kwa kitanda tukamweka kivulini, akawa anatutukana tukilegea. Mbula hakuchelewa hata mara moja.

Na Nzioka! Tulisema ni mtu wa kimya, sivyo? Blanketi lilipotoka mikononi mwako kuja kwangu, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mama, maji yanataka kupita hapa." Tangu hapo hajanyamaza. Anazungumza akilima, anazungumza akila uji wangu, anawaeleza ng'ombe habari za Voi. Mbula anasema afadhali turudishe blanketi.

Sasa wewe. Siku ile ulitokea saa mbili na nusu, vumbi mpaka kwenye kope, miguu imevimba, unasukuma baiskeli. Ulisimama katikati, ukapokea, ukanipa, ukasema maneno machache kuliko siku yoyote niliyokuona. Nilitamani kukuuliza neno moja, lakini ulikaa umezungukwa na watu, na kesho yake tukaamka tukakuta umeshaondoka. Njia ilikuwa na alama ya tairi, na kando yake alama ya miguu yako.

Watu wote wamekueleza. Mbula anasema ni heshima, hukutaka kufika mbele ya wazee umeketi juu. Mzee Mutie anasema unatunza tairi, ndiyo maana wewe ni tajiri. Nzioka anasema ni jeraha la vita, mahali ambapo hawezi kupataja mbele ya mama mkwe.

Lakini dereva wa Othman ameniambia alikuona Jumapili ya kabla ya blanketi, upande wa Kitui, unaisukuma. Akakuona tena Jumanne upande huu wa mto, unaisukuma, akakuomba apakie baiskeli na wewe upande, ukamwambia unapenda hewa. Siku nne, mjomba! Mtu asiye na baiskeli hutembea siku mbili.

Zamani ningesema, ndivyo alivyo mjomba. Sasa nimeapa. Kwa hiyo nauliza tu, na ukijibu sitamwambia mtu. Kwa nini hukuipanda?

Mwanao anayekushukuru,
Mumbua


Kwa Vonza
14 Oktoba 1951

Mpwa wangu Mumbua,

Salamu nyingi. Hapa Kwa Vonza habari imefika kwamba nimeiokoa Makueni nzima. Si maneno yangu. Juzi mtu mmoja kutoka Mutomo, ambaye hata simjui, alinishika mkono akaniuliza kama ni kweli nilisimamisha ng'ombe kumi na wawili kwa kuwatazama. Sikutaka kumvunja moyo. Ndila naye ameniletea mbuzi jike. Nimemwambia hakuna haja, nikamfunga mbuzi haraka kabla hajabadili nia.

Nimefurahi sana kwa shamba lako. Donge hilo usiliondoe dirishani.

Swali lako nimelijibu mara tatu. Jibu la kwanza lilikuwa habari ya jeraha, nikaona Nzioka ameshaniwahi. La pili lilikuwa tairi, na hilo ni la Mzee Mutie. La tatu lilikuwa na mamba. Nikayachana yote, Abdulatif akauliza nafungia nini kwa karatasi nyingi hivyo. Hii ni barua ya nne, na safari hii nafasi bado ipo, siwezi kuisingizia karatasi.

Mto haukujaa. Mwezi wa nane sikufika hata huko mtoni. Nilikaa nyumbani siku mbili mlango umefungwa, ili watu wa soko wadhani niko kwako. Sababu ni kwamba nilikuandikia nitafika kwa siku moja, na kwa miguu haiwezekani. Ungeniona nafika siku ya pili, ungeuliza baiskeli ina nini.

Mwezi wa tisa nilijua utauliza, nikaja. Ningeiacha nyumbani ningefika upesi zaidi na kwa miguu mizima, lakini watu wa Makueni walikuwa wameambiwa waondoe mbuzi njiani kwa ajili yake. Kwenye mawe ya mto niliibeba kichwani. Korongo alikuwepo, hilo si uongo.

Niliinunua mwaka wa arobaini na tano siku niliyotoka jeshini, mbele ya watu wengi, na mwenye duka akasema, "Bwana Mutunga, panda tuone." Nikamwambia leo nina haraka, nikaisukuma. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi. Imepita miaka sita.

Mumbua, sijui kupanda baiskeli.

Mjomba wako,
Mutunga